Zamda na Kiti cha Kwenda Kasulu

Ukifika Ng'ambo, mjini Tabora, ukamuulizia Fundi Zamda, utaoneshwa bila maswali. Kibanda chake cha mabati kimeegemea ukuta wa nyumba yake, na mbele yake viti vya magari vimekaa juani kama wageni wanaosubiri chai. Kazi hiyo alifundishwa na baba yake, marehemu mzee Nurdini, aliyeshona makochi ya nusu ya mji. Mzee hakujaliwa mtoto wa kiume mwenye subira ya sindano, basi akamfundisha binti. Majirani walipoanza kunong'ona, akawaambia walete makochi yao mabovu, waone wenyewe. Wakaleta, na mpaka leo wanaleta. Zamda humwombea baba yake kila Ijumaa, kwa sababu anajua ugali anaokula umetoka wapi.

Mumewe, Mabruki, ni mchomeleaji. Yeye hushughulika na chuma, mkewe hushughulika na kila kinachogusa mwili wa binadamu. Wanagombana juu ya kila kiti, kisha wanakula sahani moja. Zamda hupenda kusema kwamba babu zake walikuwa wapagazi, walibeba pembe na vitambaa mabegani baina ya Tabora na Ujiji mpaka ngozi ikaota sugu. Ukoo wake umekwisha kutembea vya kutosha, anasema. Zamu yake yeye ni kukalisha watu.

Kiangazi cha mwaka jana alimjia Egidi, mrina asali wa Ulyankulu, na gari ambalo halikuwa gari tu. Ilikuwa Hiace kuukuu aliyoigeuza nyumba: nyuma kitanda, pembeni jiko dogo la gesi na kabati la vyombo, madirishani mapazia ya maua. Egidi hufuata asali vijijini na hulala pale jua linapomzamia. Injini ilikuwa nzima. Balaa lilikuwa viti vya mbele, sponji imekwisha kuwa unga na springi zimechungulia nje.

"Mimi nimezoea, dada," Egidi alisema. "Tatizo ni mama."

Mama mwenyewe alikuwa amekaa kitandani mle garini, mfupi, mwembamba, rozari mkononi. Jina lake Inamahoro. Zamda akamsalimia shikamoo, akaitikiwa marahaba kwa sauti ya upole. Egidi akaeleza. Mama ana mdogo wake, Rustika, aliyeolewa Kasulu. Rustika macho yanamzimika, na daktari amesema kilichobaki ni kidogo na hakitadumu. Amempigia simu dada yake akamwambia, njoo nikuone kabla sijafungwa giza. Mama akapanda basi. Nyonga ikamkamata njiani, akalia mpaka abiria wakaingiwa na hofu, na huko Urambo akashushwa na kurudishwa nyumbani.

"Kulala kitandani wakati gari linakwenda hawezi, anarushwa," Egidi alisema. "Akipata kiti cha kukalika, tutakwenda taratibu, akichoka tunasimama, analala. Bila kiti hawataonana tena."

Zamda aliishika kazi hiyo kwa moyo wote, na hapo ndipo alipokosea. Mtu wa Tabora akipokea mzee nyumbani humpa kiti kirefu kuliko vyote na laini kuliko vyote, na Zamda akamtengenezea Mama Inamahoro kiti cha namna hiyo. Alichagua sponji laini dukani mpaka muuzaji akachoka kufungua magunia. Akaipanga kwa tabaka, akashona juu yake rekzini nyekundu, ile ngozi ya bandia, akaongeza hata nakshi za uzi wa dhahabu ambazo hakuna aliyeziomba. Mabruki alisema kiti kimekuwa kitanda cha bibi harusi. Akaambiwa akachomelee.

Kiti kikafungwa. Mama akapandishwa, akatabasamu, akasema ni kizuri mno. Egidi akamzungusha mpaka Ntalikwa na kurudi, na mama aliposhushwa akasema tena, "Ahsante sana, mwanangu. Sijawahi kukalia kitu kama hiki." Zamda alifurahi mpaka akawaalika chai.

Mkeka ulitandikwa uani na kigoda kikaletwa. Mama hakutaka kigoda. Alijilaza mkekani kwa ubavu, akafumba macho, akauma mdomo. Baadaye Zamda alimsaidia kwenda bafuni, na kanga ilipopanda kidogo akaona nyuma ya magoti yake ngozi imebonyea kama iliyofungwa kamba. Nyayo zilikuwa zimevimba. Zamda alijisikia vibaya, vibaya kweli.

"Mama, kiti kinakuumiza," akamwambia waliporudi mkekani.

"Hapana, mwanangu. Ni kizuri."

"Mama, nimeona."

Mzee akamshika mkono. "Umejitesa siku zote hizi kwa ajili yangu, umenipa chai nyumbani kwako. Nikutukane? Nitavumilia mpaka Kasulu."

Hatavumilia, Zamda alijua. Atafika Urambo, au Kaliua, kisha atalia kama alivyolia kwenye basi, na Egidi atageuza gari. Na yeye Zamda anawezaje kurekebisha kiti ikiwa anayekikalia anakisifu tu? Adabu ya mama na adabu yake mwenyewe zilikuwa zimekaa katikati yao na kuziba njia. Akafikiri, kisha akapiga magoti mbele ya mzee.

"Basi mimi sitaki tena kuwa mwanao. Mtoto huonewa haya. Kuanzia sasa mimi ni mjukuu wako na wewe ni bibi yangu. Bibi na mjukuu wanataniana, hakuna anayemstahi mwenzake. Haya, bibi, kitukane kiti changu."

Mama Inamahoro akamtazama. Kicheko kikaanza tumboni, kikapanda taratibu.

"Mjukuu jitu zima hivi, nimekuokota wapi?"

"Bibi, usinibabaishe. Kiti!"

"Kile si kiti, ni kinamasi!" mzee akafoka, na Egidi akakaribia kuangusha kikombe. "Nikikaa kinanimeza, nikitaka kutoka kinanishika. Halafu umenitundika juu huko, miguu inaning'inia, ulidhani unamshonea twiga? Na hiyo nyonga yako, siyo yangu tena, yako wewe uliyeiharibu, inasagwa kila gari likipiga kona!"

"Bado, bibi?"

"Bado! Na huyo Mabruki, maadamu wewe ni mjukuu wangu, basi ni mume wetu sote wawili. Mwambie mke mkubwa amesema vyuma vyake vimepinda."

Mabruki, aliyekuwa akijichekea mlangoni, akainama na kusema, "Nimesikia, mke wangu." Uani kote walicheka, na tangu hapo kazi ikawa kazi.

Zamda akachana nyekundu yote, nakshi na dhahabu yake. Akaleta gunia la pumba za mpunga, akamkalisha bibi juu yake, akalitikisa hapa na pale mpaka mzee akaacha kujisogeza. Umbo lile lililobaki kwenye gunia akalipima na kulichora kwa chaki. Chini akaweka sponji ngumu, ile ya kubeba uzito, juu tabaka jembamba tu la laini. Ukingo wa mbele akaukata uteremke usije ukamfunga tena nyuma ya magoti. Mgongoni akashona mto mdogo. Mabruki akapunguza kimo cha fremu, akakifunga kiti kwenye bamba linalozunguka, ili bibi akae mlangoni miguu ikiwa nje, kisha azungushwe bila kujipinda nyonga. Akachomelea na kibao cha kukanyagia.

Kila hatua bibi alipandishwa kujaribu, na kila hatua alitukana. Mto umemchoma kama kiwiko cha jirani kanisani. Kibao ni cha mtu mwenye miguu ya mbuni. Zamda alirekebisha huku akishukuru, kwa dhati, maana hakuna mteja aliyewahi kumpa maneno ya kweli mengi namna ile. Jaribio la mwisho walikwenda upande wa Itetemia, barabara ya mashimo, Zamda akiwa nyuma ameshikilia kabati la vyombo. Bibi alitukana shimo la kwanza na la pili. Halafu kimya. Zamda akashtuka, akainama kumchungulia usoni. Amelala, kinywa wazi, mikono imelegea mapajani.

"Usisimame," akamnong'oneza Egidi. "Endelea kuendesha."

Egidi na bibi waliondoka asubuhi iliyofuata, kwa njia ileile ya Urambo na Malagarasi. Zamda alishinda na sindano mkononi bila kushona cha maana. Siku ya pili pia. Mabruki alimwambia chuma kile hakivunjiki, naye akajibu si chuma anachokihofia.

Simu iliita akiwa anaanua nguo. Haikuwa sauti ya Egidi.

"Wewe ndiye uliyemkalisha dada yangu?"

"Ndiyo, bibi. Shikamoo. Amefika?"

"Marahaba. Amefika, anakula." Ilikuwa sauti ya kikongwe, inatetemeka lakini ina furaha. "Mimi ni Rustika. Nimemsogeza mlangoni kwenye mwanga, nimemshika uso, nimemtazama. Unanisikia? Mama yetu alifia njiani tulipokuwa tukikimbia kutoka Burundi, mimi mtoto mdogo, hata picha hakuacha. Maisha yangu yote nimejaribu kumkumbuka sura, sipati. Leo dada amezeeka, nimemtazama, nikamwona mama."

Zamda alikaa chini palepale uani, nguo mapajani, akalia kwa furaha.

"Bado namtazama," Rustika akasema.