Nilitumwa Biharamulo nikamtoe mdogo wangu utawani

Wakuu, salamu kwenu nyote, mnaosali na msiosali.

Hii nayoandika imenitokea mimi mwenyewe. Majina nimebadilisha, na shirika la watawa sitalitaja. Mengine yote ni kama yalivyokuwa.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, nipo Ngara mjini. Mageti, madirisha, vitanda vya chuma. Kwetu ni Wahangaza, Wakatoliki wa tangu babu. Ila mimi binafsi nilikuwa Mkatoliki wa Krismasi na Pasaka. Jumapili nyingine zote nipo kazini na mashine yangu.

Tumezaliwa watoto wa kiume watupu, halafu akaja binti mmoja, kitindamimba. Nimwite Koleta.

Koleta alisoma, akapata diploma ya uhasibu, akapata kazi. Alikuwa na mchumba pia, mwalimu, kijana mpole, nyumbani tulimpenda. Siku moja akamwambia yule mwalimu ukweli kwamba anataka utawa, akaacha kazi, akaingia utawani huko Biharamulo.

Hapo ndipo palipokuwa na fumbo kwangu. Ningeelewa kama angeachwa. Ningeelewa kama angekosa kazi. Lakini huyu aliacha vitu ambavyo wenzake wanavililia.

Na mnapaswa kumjua Koleta. Hasira zake zilikuwa maarufu kijijini. Mtu akimkosea asubuhi, mpaka jioni sufuria zinagongwa jikoni. Halafu alikuwa na kinyaa, kikombe alichonywea mwingine hagusi.

Sasa ilipokaribia siku ya nadhiri zake za kwanza, mama akagoma. Baba alishafariki, mama anaishi peke yake kijijini upande wa Rulenge. Akasema haendi kwenye hiyo misa, na binti arudi nyumbani. Chakula akawa anakigusa tu na kukiacha.

Baba mdogo akaitisha kikao. Wakaamua niende mimi, kwa sababu Koleta ananisikiliza.

Niliondoka Ngara asubuhi, Benaco nikapanda basi la Mwanza. Njia nzima napanga maneno. Kichwani nilikuwa na swali moja tu, hawa masista wamempa nini huyu mtoto?

Kutoka Biharamulo mjini nilichukua bodaboda. Nyumba yao ipo nje ya mji, kuelekea mashambani. Migomba, mihogo, kikanisa kidogo, na nyuma yake nyumba ndefu ya wazee wasio na watu wa kuwaangalia.

Nikapokelewa na sista mlezi wa wanovisi, yaani mabinti wanaojiandaa kuwa watawa. Ni mama wa makamo, Mhaya. Nikamwamkia, shikamoo Sista, akaitikia marahaba. Sikumficha. Nikamwambia nimetumwa kumchukua mdogo wangu.

Nilidhani atanifukuza. Akasema, "Geti letu halimzuii mtu kutoka. Ongea naye. Akitaka kwenda, nitamsaidia kufunga mzigo."

Hapo nikaanza kuchanganyikiwa kidogo. Nilikuja nimejiandaa kwa ugomvi.

Koleta alikuja anapangusa mikono kwenye aproni. Amekonda kidogo, kajifunga kitambaa cheupe kichwani. Nikamweleza habari ya mama yote, bila kupunguza. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

Nikamuuliza, "Mdogo wangu, umekuta nini huku?"

Akasema, "Kaka, sijui kueleza. Kaa hapa mpaka keshokutwa, uone. Nikikwambia sasa hivi nitakudanganya bila kukusudia."

Wakanipa chumba cha wageni. Nikakaa. Kusema kweli wakuu, udadisi ndio ulioniweka, sio ibada.

Asubuhi baada ya misa nikamfuata kwenye nyumba ya wazee. Kulikuwa na mzee mmoja Msukuma, nimwite Mzee Masunga. Alihamia huku na ng'ombe zake kutoka Shinyanga, ng'ombe wakapungua, watoto wakahama na mifugo iliyobaki kwenda mikoa ya mbali. Yeye akapigwa na kiharusi upande mmoja. Mdomo tu ndio uliobaki na nguvu.

Koleta akamsalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, babu."

Mzee akamjibu kwa Kiswahili, nadhani alitaka na mimi nisikie. "Umechelewa. Na mikono yako ni migumu kama ya mtu anayefua magunia."

Koleta akacheka. "Jana ulisema ni ya mtu anayechimba viazi. Leo nimepanda cheo."

Halafu akaniita, "Kaka, nishikie mgongo wake, nimgeuze."

Wakuu, yule mzee alikuwa amejichafua. Harufu sitaielezea hapa, wengine mnasoma mkiwa mnakula. Mimi nageuza uso pembeni. Koleta, yule yule wa vikombe, anaosha taratibu, anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, anasimama kumuuliza mzee kama maji ni ya moto sana.

Nikatafuta kwenye uso wake kama anaigiza. Nimeishi naye, naujua uso wake wa kuigiza. Sikuuona.

Tulipotoka nje nikamuuliza, "Siku hizi hukasiriki?"

"Nakasirika sana," akasema. "Nikizidiwa naenda kanisani, namwambia Yesu, yule mzee wako leo amezidi. Nakaa pale mpaka nipoe. Halafu narudi, naona tena ni mzee wa watu, anaumwa, anaogopa."

"Na Yesu anakujibu nini?"

"Mara nyingi hajibu kitu. Ila sitoki kama nilivyoingia."

Hilo jibu lilinisumbua. Nilitegemea aniambie habari za maono na sauti. Kama angeniambia hivyo, ningempinga vizuri tu.

Mchana wa siku ya pili, wakati wengine wamepumzika, nikapita karibu na kanisa nikasikia mtu analia. Nikachungulia. Ni Koleta, kapiga magoti peke yake mbele ya tabernakulo.

Sitawaficha, nilifurahi. Nikajisemea, haya, ukweli ndio huu, anateseka.

Nikaingia nikakaa benchi la nyuma. Aliponiona hakushtuka. Akaja akakaa karibu yangu.

Nikamwambia, "Unaona sasa? Twende nyumbani."

Akafuta machozi na kitambaa. "Namlilia mama. Nimemkumbuka, na najua namuumiza."

"Basi rudi."

"Kaka, kule kazini nilikuwa nalia pia, hamkujua. Nilikuwa na kila kitu, na jioni nikifika chumbani nalia, sijui nalilia nini. Hapa nikilia najua ninachokililia, na nina wa kumpa. Nikinyanyuka hapa, ile furaha ipo, iko palepale chini ya machozi. Sikujua kwamba hivyo viwili vinaweza kukaa pamoja."

Tukaendelea kukaa pale. Mimi nilikuwa sijakaa kanisani bila misa tangu nikiwa mtoto. Mwanzo nilikuwa nawaza kazi nilizoziacha Ngara. Baadaye nikajikuta siwazi. Nikamwambia Mungu kimoyomoyo kwamba mimi sijui kusali, ila nimekaa hapa. Ndiyo sala yangu yote hiyo.

Sitawaambia kulitokea muujiza. Nilitoka pale mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo, na sijui nani aliupokea.

Kabla ya kuondoka nilimwogesha Mzee Masunga mwenyewe, Koleta kasimama pembeni ananielekeza. Mzee akasema mikono yangu ni mibaya kuliko ya Koleta. Nilipomaliza kumfunika akasema, "Wabeja," yaani asante, akageukia ukutani.

Nilirudi peke yangu. Sikupitia kwa baba mdogo, nilienda moja kwa moja kwa mama. Nilimkuta anamenya ndizi. Aliangalia nyuma yangu, akaona hakuna mtu.

Akauliza kwa Kihangaza, "Anakula?"

"Anakula, mama."

"Anacheka?"

Nikamsimulia habari ya magunia na viazi. Mama alijizuia, ila midomo ilimcheza. Kisha akaweka kisu chini.

"Na mimi nitabaki na nani? Nikianguka humu ndani, nani ataniinua?"

Kumbe hofu yake ilikuwa hiyo siku zote, na kwenye kikao hakuna aliyemuuliza.

Nikamwambia, "Utabaki na mimi. Kuinua mtu nimeshajifunza." Na tangu siku hiyo, kila Jumamosi mchana nafunga kazi nakwenda kwake, Jumapili tunakwenda kanisani wote.

Nilimwomba twende wote Biharamulo kwenye misa ya nadhiri, hakukubali wala hakukataa. Siku ya safari nikapita kwake nikiwa sina uhakika. Nikamkuta amekaa nje, amevaa kitenge kipya, ananiuliza kwa nini nimechelewa.

Utaratibu wa pale, kila mnovisi anaitwa jina, anaitika, kisha mzazi anamsindikiza hadi mbele ya altare. Koleta hakujua kama mama yupo. Tulifika misa imeanza, tukakaa nyuma kabisa.

Padre akaita, "Koleta."

Kabla Koleta hajafungua mdomo, mama akasimama kule nyuma, akasema kwa sauti ambayo kanisa zima lilisikia, "Yupo, Padre. Ngojeni nimlete."

Akatembea polepole katikati ya kanisa mpaka kwa binti yake, akamshika mkono. Koleta alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na safari hii nilielewa.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Nilikuwa nadhani anayejitoa kwa Mungu anapungukiwa, kwamba kuna maisha anayakosa. Nilikwenda kutafuta alichopungukiwa mdogo wangu, nikagundua mimi ndiye niliyekuwa naishi bila kujua naishi kwa ajili ya nani. Bado sijui kusali vizuri, na maswali ninayo mengi. Ila nakaa, na sitoki kama nilivyoingia.

Sasa nawasikiliza ninyi. Kuna mwenye ndugu aliyeacha vyote akamfuata Mungu? Nyumbani mlilipokeaje? Na wewe usiyeamini, niulize unachotaka, nitakujibu ninachokijua, nisichokijua nitakwambia sikijui.