Kichupa cha Kisima cha Baba

Mdogo wangu alihitaji mahali pa kuweka vichupa vyake: penye joto la kawaida, pasipo watoto wa kuchezea, na pawe na mtu asiyetoka. Chuo chake kizima kilikuwa hakina mtu wa namna hiyo. Nyumbani kwetu yupo, ni mimi.

"Kaka ni kabati letu linalosema," alimwambia msimamizi wake mbele yangu. "Ila kabati halidai chai."

Sikubisha. Sekondari niliimaliza Mombasa, tulikokimbilia wakati wa vita. Tuliporudi Kismayo nilikaa barazani, nikaanza kutengeneza simu za watu, na tangu siku hiyo anayenitaka ananikuta. Mama ni wa kisiwa cha Ngumi, marehemu baba alikuwa wa kisiwa cha Chovai. Wao walizaliwa wakivuka maji. Mimi bahari naiona vizuri kutoka darini, na yenyewe haijalalamika.

Vichupa vile vilikuwa roho ya nyumba wakati huo. Chuo kina ufadhili wa masomo: mwanafunzi anachagua jambo, analichunguza chini ya mhadhiri mmoja, na kazi yake ikikubaliwa na kamati analipiwa mpaka amalize. Isipokubaliwa, kwetu ndio ulikuwa mwisho wa kusoma. Kaka yetu mkubwa aliye Ulaya alikuwa keshasema kwa simu kwamba hana uwezo tena. Alisema kwa upole mno, na upole wake ndio ulionitia hofu.

Mdogo wangu alichagua visima vya mtaa wetu. Maji anayatia katika kichupa chenye kipande cha karatasi kilichopakwa dawa, anafunga, anangoja. Maji yakiwa na uchafu wa vyooni, karatasi inageuka nyeusi. Basi. Hata mimi nilielewa.

Msimamizi wake, ndiye huyo mhadhiri, alikuja siku hiyo kukagua hilo kabati linalosema. Alikuwa mwanamke wa Kisomali, mfupi, asiye na haraka ya kucheka. Tulikuwa kwenye chai, jirani akaingia kwa mlango wa uani na ndoo yake, akateka, akaaga, akatoka.

"Kumbe mna kisima, hoyo," mhadhiri akamwambia mama, kwa heshima ya Kisomali.

"Tunacho," mama akajibu kwa lafudhi yake ya visiwani, kabla mdogo wangu hajawahi kumkanyaga mguu. "Marehemu alikichimba tuliporudi. Wakfu. Mchu yeyote anateka, haulizwi kabila wala jina. Kila ndoo ipandayo, thawabu yamfikia kule aliko."

Mhadhiri akaweka kikombe chini. "Abayo," akamgeukia mdogo wangu, akimwita dada kwa Kisomali, "kwenye ramani yako ya visima sikukiona."

"Nilikisahau."

"Umesahau maji uliyoogea asubuhi?"

Mdogo wangu akaangalia mkeka.

"Ramani inayoruka kisima cha mama yako si utafiti, hiyo ni adabu. Adabu ni nzuri, lakini kamati hailipii. Kisipokuwemo, sipeleki jina lako. Na matokeo yakitoka, mimi nitarudia kupima mwenyewe visima nitakavyovitaka. Yakipishana na yako, tumemalizana."

Maji yalitekwa pale pale. Mama alisimama akitazama kama mtu anayetolewa damu.

Sanduku la vichupa liliwekwa juu ya meza yangu, karibu na simu zilizofunguliwa matumbo. Mdogo wangu akaenda chuoni, nami nikabaki mlinzi. Vingine vikaanza kuwa vyeusi, vingine vikakaa vyeupe kabisa. Chetu nilijizuia kukitazama, kwa hiyo nilikitazama kila nilipoinua kichwa.

Siku ya pili mama akaja akasimama nyuma yangu.

"Chetu kipi?"

Vilikuwa na namba tu. Ningeweza kumwonyesha chochote. Lakini mama akiuliza, kidole changu hujibu bila kunishauri.

"Kimeanza?"

"Pembeni kidogo. Pengine ni kivuli."

Akatoa chini ya mtandio chupa ya maji ya duka, ingali imefungwa. "Mwaga, utie haya."

"Mama."

"Sikukuambia uue mchu. Ni maji kwa maji."

"Kichupa kitasema uongo."

"Na kikisema kweli? Watasema babako aliwanywesha watu choo. Watakifunga. Atakatikiwa thawabu kule, na wewe umekaa hapa na bisibisi."

Ni kweli nilikuwa na bisibisi. Nikaiweka chini, nikakosa la kufanya na mkono. Nilijua mhadhiri atakuja kurudia kwa mkono wake, na kisima cha kwanza kurudiwa kitakuwa hiki alichofichwa. Hapo ufadhili umekwenda, na mdogo wangu ataketi barazani kando yangu maisha yake yote, akinitania. Lakini nilijijua pia mimi. Mama angeswali adhuhuri, angerudi, angesema neno moja tu kwa sauti ya chini, nami ningefungua kichupa.

Nikachukua sanduku, nikatafuta viatu.

"Waenda wapi?"

"Chuoni."

"Wewe?"

Nje, jirani aliyeketi mlangoni kwake aliniona nikisimamisha bajaji mchana kweupe, akaniuliza nani amefariki. Nilipakata sanduku njia nzima, kifuniko nimekishika kwa mikono miwili kana kwamba mna paka ndani.

Mdogo wangu alikuwepo ofisini kwa mhadhiri. Aliponiona akasimama. "Mama ana nini?"

"Mama mzima. Fungua."

Akafungua. Chetu kilikuwa cheusi kama masizi ya sufuria. Kiligeuka njiani humo humo, au labda tangu nyumbani na mimi nikikiita kivuli.

Mhadhiri alivuta kiti. "Unaweza kujitoa, abayo. Sitakulaumu."

"Nikijitoa, karatasi itarudi nyeupe?"

Jioni mdogo wangu alimwambia mama mwenyewe, wamesimama kisimani. Alimweleza kwamba baba alipochimba, nyumba zilikuwa chache. Watu wameongezeka, mashimo ya vyoo yamekaribiana, baba asingeweza kujua.

"Sikuuliza kama alijua," mama akasema. "Nauliza waliokunywa."

Mdogo wangu, anayenijibu mimi kabla sijamaliza kuuliza, akaanza kukunja kamba ya ndoo.

"Na huko mbele ya kamati mtamwita namba?"

"Wenye visima hawatajwi, mama. Ndiyo sheria."

"Babako si namba," mama akasema, akaingia ndani.

Kamati ilikuwa kesho yake. Asubuhi ile mama alifunga mlango wa uani kwa komeo, akawaambia majirani kamba imekatika. Nasi tukatoka bila kuagwa.

Nilikaa kiti cha nyuma kabisa. Mwenyekiti alikuwa mzee mwenye kalamu nyekundu, na kijana aliyetangulia alikuwa ametoka amejiinamia. Mdogo wangu akaanza vizuri. Kisima baada ya kisima, choo kiko upande gani, karatasi imekuwaje. Alipofika kwenye chetu akasita. Msimamizi wake akamtazama, akatikisa kichwa kidogo sana: usithubutu.

"Hiki," mdogo wangu akasema, "ni cha marehemu baba yangu."

Msimamizi akafumba macho. Nilikunja vidole vya miguu ndani ya viatu, nikisubiri kalamu.

Mzee akailaza mezani. Akainua viganja. "Allah amrehemu."

"Amin," akasema wa kulia kwake, akafuata wa kushoto, mpaka yule aliyekuwa na shughuli na simu yake.

Kisha mzee akaishika tena kalamu. "Mama yako anajua?"

"Anajua."

"Ameridhia?"

"Hajaridhia. Amenyamaza."

Mmoja alicheka kidogo. Mzee hakucheka. "Endelea," akasema.

Waliita jina lake alasiri. Amepata, pamoja na karipio kwamba siku nyingine mwenye kisima asitajwe, hata akiwa baba. Mdogo wangu alibaki kumsikiliza msimamizi wake akimgombeza, nami nikatangulia nyumbani.

Mama alikuwa jikoni, anakuna nazi.

"Amepata," nikasema.

"Alhamdulillahi." Hakugeuka. Mbuzi ikaendelea kukwaruza, kisha ikanyamaza. "Alimtaja?"

"Alimtaja."

"Walimrehemu?"

"Wote. Akaanza mwenyekiti."

Alikung'uta kifuu, akakiweka kando.

"Basi kesho alfajiri nafungua mlango, na nitakaa kisimani mwenyewe. Anayeteka ya kufulia ateke. Anayeteka ya kunywa nitamwambia achemshe, na nitamwambia kwa nini. Sitaki wasikie kwa chuo."

"Watagomba, mama. Wengine wana watoto walioumwa."

"Wagombe na mimi," akasema, akachukua nazi nyingine. "Marehemu wamwache."