Kikaratasi Kwenye Fundo la Kanga

Nimesoma mpaka darasa la saba tu, kwa hiyo atakayesoma haya anisamehe nikipindapinda. Jambo lenyewe limeshapita, lakini bado halijanitoka.

Huku kwetu Mtae ilikuwa inafunguliwa nyumba ya wageni, na alitakiwa mtu mmoja wa kupokea wageni. Mmoja tu. Mimi nilikuwa nimepandisha mizigo ya kabichi kutoka bondeni miaka mingi, na magoti yalikuwa yameanza kunikatalia. Nafasi ile niliitaka kuliko nilivyomwambia mtu yeyote. Lakini usaili ulikuwa Lushoto mjini, tena kwa Kiingereza.

Jirani yangu, mama wa Njombe aliyewahi kuwa karani kwenye mashamba ya chai, alinifundisha huku tukipalilia. Alisema kuna vitenzi vya Kiingereza ambavyo kinachovifuata huanza na "to", na vingine ambavyo kinachovifuata huishia na "-ing". Sababu yake nisiitafute, nizoee tu. Akavigawa kwenye matuta yangu. Tuta la juu, la karoti, tukaweka want, hope na decide. Tuta la chini, la kabichi, enjoy, finish na avoid. Nikiwa kwenye karoti nasema "I want to go." Nikishuka kwenye kabichi, "I enjoy cooking." Ikabaki stop, yenye makazi matuta yote mawili, na hiyo ndiyo iliyonitesa.

"Ukisimama njiani ili umsalimie mzee, hiyo ni stopped to greet," aliniambia. "Ukiacha kabisa kumsalimia, stopped greeting. Na ukifanya hiyo ya pili huku kwenu, hupati wa kukuazima hata jembe."

Yote niliyaandika kwenye kikaratasi, nikakifunga kwenye ncha ya kanga, pale ninapofunga kila kitu.

Siku ya usaili tulikaa kwenye benchi nje ya ofisi. Wenzangu walikuwa mabinti wa kidato cha nne, wanasemezana Kiingereza kama maji. Mlangoni tuliambiwa tuache makaratasi yote dirishani. Nikaacha daftari. Kikaratasi cha kwenye fundo sikukikumbuka. Nimejiuliza mara nyingi kama kweli sikukikumbuka, na jibu ninalopata ni kwamba nadhani sikukikumbuka.

Ndani walikuwa wawili, mama mtu mzima mwenye miwani na kijana mwenye kalamu. Nikamwamkia mama shikamoo, naye kijana akaniamkia mimi. Kisha Kiingereza kikaanza. Vidole vikaenda kwenye fundo vyenyewe, kama vinavyofanya msibani au kliniki. Vikagusa karatasi.

"Mama, unafungua nini hapo?" kijana aliuliza.

Aliuliza kwa Kiswahili, na hicho Kiswahili ndicho kilichoniogopesha. Niliona usaili umeisha.

Ningeweza kusema ni ufunguo. Ufunguo ulikuwemo kweli, na nililifikiria jibu hilo, siwezi kuficha. Lakini nilisema ni karatasi. Nikaanza kulifungua fundo, lilikuwa limekaza, vidole vikashindwa, ikabidi nitumie meno mbele yao. Vikadondoka mezani ufunguo, mbegu za kabichi, na kikaratasi.

Kijana alikisoma, akasema wenzangu wote wameacha vyao dirishani. Alikuwa sahihi. Hata sasa naona alikuwa sahihi.

Mama aliniuliza kama nilikisoma mle ndani.

"Hapana, mama. Lakini nilikuwa nacho."

Alizisukuma zile mbegu kwa ncha ya kidole. Kisha akamgeukia kijana. "Fundo hili halikuwa limefunguliwa humu. Tumeliona wote lilivyofunguliwa kwa meno."

Wakanirudisha kwenye benchi mpaka mabinti wote wakaisha. Sijui nilikaa muda gani, najua tu miguu ilikuwa ya baridi. Waliponiita, niliambiwa niweke kanga ya mabegani juu ya kiti cha mbali na mikono yangu juu ya meza, kisha wakaanza maswali mapya. Dirishani ulionekana mlima wa ng'ambo na mashamba yake. Nikayahamishia matuta yangu huko. Karoti juu, kabichi chini. Avoid nilikosea. Stop nilipata.

Wiki iliyofuata nilipigiwa simu kwamba nafasi ni yangu, kwa miezi mitatu ya kujaribiwa. Miongoni mwa wale mabinti yupo aliyeongea vizuri kuliko mimi, nilimsikia kupitia mlango. Kama nilimchukulia haki yake, sijui.

Kikaratasi alibaki nacho kijana, nami sikuthubutu kukiomba. Sasa mgeni akibisha hodi, kabla sijafungua mlango nafungua kwanza fundo, natazama ndani. Ni ufunguo tu. Nalifunga tena, ndipo naenda kumpokea.