Saiba ya Mama Mdogo

Leo ofisini wamewasha kompyuta ya zamani, na harufu ya vumbi lililopata joto ikanirudisha kwenye saiba ya mama mdogo, duka lake la intaneti pale Bungoma.

Nilikuwa sijaanza shule. Mama alinikalisha mbele ya tovuti ya watoto yenye mchezo wa alfabeti. Ukibonyeza herufi sahihi, sungura anaruka na kupiga makofi. Kiti kilikuwa cha plastiki, mapaja yangu yalikuwa yamenata. Mama akanishika kichwa kwa mikono miwili.

"Wewe cheza, mimi naenda tu Kitale," akasema. "Si utakuwa mtoto mzuri?"

Nikasema ndiyo bila kugeuka, kwa sababu nilikuwa natafuta G.

Jioni mama mdogo alizima mashine zote isipokuwa yangu. Akachuchumaa kando yangu, akaniambia polepole kwamba dada yake ameolewa huko Kitale, na kwamba mimi nitabaki naye. Nguo zangu tayari zilikuwa nyumbani kwake.

"Umenielewa?"

Nilielewa, na sikulia. Nikamuuliza kama kesho nitaruhusiwa kucheza tena.

"Utacheza," akasema. "Kila siku."