Kifaru cha Bati cha Mama Felician

Jumamosi tarehe 22 Septemba 1979, Ansgar Ngassa alishuka kwenye stesheni ya Shinyanga akiwa na begi moja la turubai, kovu la moto lililoanzia kiwiko cha kushoto hadi kidole cha mwisho, na cheti cha kuachishwa jeshi. Cheti kilimtaja kuwa na umri wa miaka ishirini na tisa, kazi yake ya awali fundi bati, kazi yake jeshini mpiga mzinga wa kifaru, tabia nzuri sana.

Wiki ileile alifungua tena kibanda chake mtaani Ngokolo. Alitengeneza vibatari, funeli, makarai na ndoo, kama zamani. Majirani waliona mambo mawili tu yamebadilika. Kwanza, hakukaa tena ndani. Benchi aliliburuta nje, na mvua ikinyesha alijibana chini ya ukingo wa paa akaendelea na kazi. Pili, aliposhika nyundo alipiga mara tatu, akanyamaza, akapiga tena mara tatu.

"Fundi," alimwuliza mama aliyeuza karanga jirani yake, "unatengeneza karai au unabisha hodi?"

Watu walicheka. Ansgar aliweka nyundo chini, na siku ile hakuishika tena. Mkewe, Generosa, ambaye hakuwa mtu wa maswali mengi, aliliona hilo akalitunza moyoni.

Aprili 1980 alipata ujumbe kutoka Ushirombo. Familia ya Felician Mihayo, dereva wa kifaru chao, ilikuwa inamfanyia marehemu misa ya mwaka mmoja. Mwili haukurudi. Ukoo ulitaka kumwona mtu aliyekuwa naye.

Hapakuwa na mtu mwingine wa kumwona. Kifaru kilibeba watu wanne. Kilipopigwa vitani, kikiwa kimezama tumboni kwenye kinamasi ng'ambo ya mpaka, kamanda alikufa palepale. Mpakia risasi alitoka akiwaka moto, akafa hospitali siku ya tatu. Ansgar ndiye pekee aliyebaki na uwezo wa kusimulia.

Baada ya misa walimkalisha uwani, kwenye kiti chenye mto. Lukresia, mama yake Felician, alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, aliyelima ekari tatu za pamba kwa mikono yake tangu mumewe afariki. Aliketi juu ya mkeka mbele ya mgeni.

"Shikamoo, mayu," Ansgar alisema, kama ambavyo angemwamkia mama yake mzazi kwa Kisukuma.

"Marahaba, baba. Wewe ndiye uliyekuwa naye?"

"Ndiye mimi."

"Alisema nini?"

"Hakuwahi kusema kitu, mayu. Ilikuwa mara moja tu. Hakusikia hata maumivu."

Mama alikubali kwa kichwa polepole, kama mtu anayepokea mzigo na kuupima. Kisha akasema jambo ambalo Ansgar hakulitegemea.

"Mimi kifaru sijakiona. Nikifumba macho namwona mwanangu amekaa ndani ya kitu, ila hicho kitu hakina umbo. Namwuliza kaka yake, huyu Herman. Leo ananiambia ni kama trekta, kesho ananiambia ni kama nyumba. Nimesikia wewe ni fundi bati. Nitengenezee, nione alipokaa."

"Chote, mayu?"

"Chote. Na kiti chake."

Watu thelathini walikuwa wanamtazama. Ansgar alisema atatengeneza.

Alichokuwa amewaambia hakikuwa kweli. Kwenye kifaru kile, dereva hukaa mbele upande wa kushoto, peke yake, chini kabisa, na mfuniko wa kutokea uko juu ya kichwa chake. Kamanda, mpiga mzinga na mpakia risasi hukaa juu, ndani ya kile kichwa cha chuma kinachozunguka pamoja na mzinga. Mzinga ukiwa umeelekea mbele moja kwa moja, dereva hufungua mfuniko na kutoka. Ukiwa umeelekea kushoto kidogo, bomba lake hulala juu ya mfuniko, na mfuniko haufunguki. Tumbo la kifaru lilikuwa na mlango mwingine, lakini siku ile tumbo lilikuwa limekalia tope.

Mzinga ulikuwa umeelekea kushoto. Ansgar ndiye aliyeuelekeza. Umeme ulikatika kifaru kilipopigwa, lakini mbele ya kiti chake palikuwa na gurudumu dogo la kuzungushia kichwa kwa mkono. Mizunguko kumi na mitano ingetosha. Alianza. Akazungusha mara nne. Moto ulipomfikia mkono aliliachia gurudumu, akapanda juu, akaruka. Alilala kwenye matete akisikia Felician anagonga chuma kwa spana. Mara tatu, kimya, mara tatu. Ilichukua muda mrefu kuliko alivyowahi kumwambia mtu yeyote. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote.

Kazi aliianza mwezi Mei. Aliamua kila sentimita moja iwe badala ya sentimita ishirini, na vipimo alikuwa navyo kichwani, kwa sababu jeshini walivikariri. Bodi aliikata kwenye bati la debe la mafuta ya kula. Magurudumu yalikuwa matano kila upande, na kati ya la kwanza na la pili aliacha pengo kubwa kuliko mengine, kwani ndivyo lilivyo. Minyororo ndiyo iliyomchosha. Kila upande vipande tisini vya bati, kila kipande kimekunjwa ncha mbili na kuunganishwa na mwenzake kwa pini iliyokatwa kwenye spoki ya baiskeli. Kichwa alikiponda taratibu juu ya gogo alilolichonga mviringo, hadi bati likakubali kuwa bakuli. Bomba la mzinga lilitoka kwenye pampu ya baiskeli iliyokufa, akalichonga kwa tupa hadi likawa jembamba kuelekea mdomoni. Nyuma alifunga mapipa mawili ya akiba na gogo la kujinasulia kwenye matope, nene kama kidole.

Generosa alisimama nyuma yake siku moja, amebeba mtoto.

"Baba Paskazia, kitu cha kuwekwa kabatini kina haja gani ya mapipa ya mafuta?"

"Yalikuwepo."

"Na hiyo taa iliyovunjika upande mmoja?"

"Ilikuwa imevunjika."

Generosa alimtazama kisogo. "Unatengeneza kama mtu anayeandika maelezo polisi," alisema, akaondoka.

Kichwa alikilehemu kwenye bodi, mzinga ukitazama mbele moja kwa moja. Aliuona uamuzi huo kuwa wa busara. Mfuniko wa dereva alitaka ufunguke, mama aone kiti. Kichwa hakikuwa na haja ya kuzunguka.

Katikati ya mwezi Juni Herman alifika Shinyanga kufuata vipuri. Alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba, mtu mnene, mcheshi, mwenye vidole visivyotulia. Alikikuta kifaru juu ya benchi, akachuchumaa mbele yake kama anakagua ng'ombe mnadani.

"Loo. Umekijenga kweli, shemeji." Alimwita shemeji kwa utani wa Wasukuma na Wasumbwa tu, undugu wa ndoa haukuwepo. Alijaribu kuzungusha kichwa kwa kidole gumba. "Mbona kimeganda?"

"Nimekilehemu. Kisije kikatoka njiani."

"Basi hili ni debe, si kifaru. Mimi niliviona mwaka juzi vinapita juu ya mabehewa, askari wanazungusha vichwa hivi, watoto wanakimbia. Mama alisema chote. Ukimpelekea kitu kilichoganda ataniuliza mimi, na mimi nitamwambia ni uvivu wa Wasukuma."

"Nitakifungua."

"Kifungue. Ukikileta Julai nisione debe."

Ansgar alipasha moto chuma cha kulehemu, akakibandua kichwa, akakitengenezea pete ya kuzungukia. Kilizunguka vizuri, bila kukwama, kama mfuniko wa sufuria. Alikipeleka kushoto kidogo, akajaribu mfuniko wa dereva. Uligonga bomba na kukataa.

Alikaa akiutazama. Halafu akakata kipande cha bati, akakikunja hadi unene wa milimita tatu, akakichomeka chini ya shina la mzinga, bomba likainuka. Sasa mfuniko ulifunguka popote kichwa kilipokuwa. Milimita tatu. Hakuna mtu Ushirombo nzima ambaye angeziona.

Kipande kile kilikaa mahali pake siku mbili. Siku ya tatu alikivuta kwa koleo, akakitupa kwenye kopo la mabaki. Hakueleza sababu, hata kwa Generosa, aliyekuwa anamtazama kutoka mlangoni. Alijiambia kwamba mama mzee, hata akikizungusha kichwa, hatajua kukisimamisha palepale kushoto. Kisha akakipaka rangi ya kijani aliyoichanganya na masizi, na chini, kwenye minyororo, akapaka udongo.

Ijumaa tarehe 25 Julai 1980 alifika Ushirombo, amekibeba kifaru ndani ya boksi lililojaa pamba mbichi. Alipanda basi hadi Kahama, na kutoka hapo lori. Alikusudia kulala usiku mmoja na kurudi na gari la Jumamosi. Pale uwani palikuwa na Lukresia, Herman, na wanawake watatu wa jirani waliokuwa wanapepeta mtama. Walikiweka juu ya kigoda, katikati.

Lukresia hakukigusa kwanza. Alikizunguka.

"Wanne wote humu?"

"Ndiyo, mayu."

"Kama kuku kwenye tenga. Na choo?"

"Kopo, mayu."

Wanawake wa mtama walicheka, na yeye mwenyewe akatabasamu. Aliketi mkekani, akaanza kuuliza kipande kwa kipande, kwa utaratibu, kama anayekabidhiwa nyumba. Hili gogo la nini? Haya mapipa? Wewe ulikaa wapi? Ansgar alimwonyesha. Alipofika kwenye mfuniko wa dereva, Ansgar aliufungua kwa ukucha. Ndani palikuwa na kiti cha bati, kidogo kama punje ya hindi, na fimbo mbili za kuendeshea, za waya.

Lukresia aliinama hadi paji la uso likakaribia chuma. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akaufunga mfuniko mwenyewe, taratibu, kwa kidole kimoja.

"Kinazunguka," Herman alisema kwa fahari, kana kwamba kazi ilikuwa yake. "Zungusha, mama."

Lukresia akakizungusha kichwa. Alikipeleka kulia hadi nyuma, akakirudisha mbele, akakipeleka kushoto. Wanawake wa mtama waliacha kupepeta. Mkono wake ulisimama, si kwa kuchagua. Ulisimama kwa sababu alitaka kukiona kile kiti tena. Akaingiza ukucha chini ya mfuniko. Mfuniko uligonga bomba. Akajaribu tena. Uligonga tena, sauti ndogo ya bati juu ya bati.

"Umekwama," alisema.

"Haujakwama," alisema Herman, akichuchumaa. "Mzinga umeulalia. Sogeza mzinga kwanza." Akausogeza. Mfuniko ukafunguka. Akaurudisha mzinga kushoto, mfuniko ukakataa. Akafanya hivyo mara mbili zaidi. Vidole vyake vilizoea mitambo, na vilielewa kabla yake. Mara ya tatu vilitulia.

"Shemeji," alisema, bila kuinua macho, "hapa umekosea kipimo?"

Nafasi ilikuwa hiyo. Ndiyo moja ingetosha, na angeweza kurudi Ngokolo na kibanda chake.

"Sijakosea," Ansgar alisema.

Lukresia aliuacha mkono wake juu ya kichwa cha kifaru.

"Siku ile mzinga ulikuwa unatazama wapi?"

"Kushoto, mayu."

"Kushoto hapa?"

"Hapo hapo."

"Nani huuzungusha?"

"Mimi. Umeme ukikatika, kwa gurudumu la mkono."

Mbuzi alipita akinusa ungo wa mtama na hakuna aliyemfukuza.

"Uliniambia hakusikia kitu."

"Nilikwambia hivyo."

"Alisikia?"

Ansgar alitazama mkono wake wa kushoto. "Alikuwa anagonga," alisema. "Kwa spana."

Mmoja wa wanawake wa mtama alijifunika uso kwa khanga. Herman alisimama, akatembea hadi kwenye lango la ua, akalifunga na kupitisha gogo lake, akabaki amesimama pale, mgongo kwenye miti. Ucheshi ulikuwa umemtoka wote.

"Mara ngapi huzungushwa, mpaka uondoke hapo?" Lukresia aliuliza. Sauti yake haikupanda.

"Kumi na tano."

"Wewe ulizungusha ngapi?"

"Nne."

Alikubali kwa kichwa, vilevile kama alivyokubali Aprili. Halafu akaita ndani watoto wa nyumba wamwandalie mgeni maji ya kuoga na mahali pa kulala.

"Mayu, nilitaka niondoke na gari la kesho."

"Kesho huondoki, baba. Uliyosema Aprili uliyasema mbele ya watu thelathini. Na haya utayasema mbele yao."

Gari la Jumamosi liliondoka bila yeye. Jumapili tarehe 27 Julai, baada ya misa ya pili, Herman alimfuata chumbani, akampa kifaru akibebe mwenyewe, akamtangulia hadi uwani, ambako ukoo wote wa Mihayo ulikuwa umeshakaa.