Siku Niliyokataa Kumkataa Shetani

Sasa nacheka, lakini kwa miaka miwili hivi nilikuwa nikipita nyuma ya kanisa letu la Makadara badala ya mbele, kwa sababu kuna waumini pale wanaonijua kama yule jamaa aliyeulizwa kama anamkataa Shetani akasema hapana.

Makosa yalianzia kwenye karatasi ya njugu. Nilikuwa kibarua wa zamu ya usiku kwenye kiwanda cha mablanketi Industrial Area (kabla ya hapo nilikuwa nimechonga vinyago, nimepaka magari rangi, nimeuza sabuni, shule niliacha darasa la sita, kwa hiyo elimu yangu ni ya vipande, nasoma chochote kilichofungiwa chakula). Karatasi hiyo ilieleza kwamba muda wote mtu akiwa macho kuna kemikali inayojikusanya ubongoni, kama masizi kwenye kioo cha taa, ikizidi anasinzia, na kwamba kahawa huziba mlango inapopitia. Ukurasa uliishia kwenye neno "lakini", maana uliobaki ulikuwa umefunga njugu za mtu mwingine. Nikaona nimeelewa vya kutosha.

Dada yangu Wambui alikuwa amenichagua niwe baba wa ubatizo wa binti yake wa pili, ambaye kwa desturi yetu alipewa jina la mama yetu, Wanjiku, aliyefariki mwaka uliotangulia, nasi tukawa tunamwita mtoto Mama. Mumewe, Mutua, hakutaka. "Shemeji ni mtu mzuri," alimwambia nikisikia, "lakini hata viatu vyake havijui vitalala wapi." Nikaapa nitamwonyesha.

Jumamosi, usiku wa kuamkia ubatizo, nikaenda kazini badala ya kuomba ruhusa (hilo ndilo kosa lenyewe), nikanywa vikombe saba vya kahawa, asubuhi nikatoka macho yakiwaka kama taa za lori. Vumbi la pamba lilikuwa limeniletea mafua, na kwa kuwa sikutaka kumpigia mtoto chafya, nikameza tembe mbili za mafua, nikavaa koti, nikafika kanisani kabla ya Mutua mwenyewe.

Wambui akaniwekea mtoto mikononi. Huyo alikuwa mtoto wa kulia, nyumba nzima ilikuwa haijalala wiki tatu, lakini alipoegemea kifua changu akanyamaza, akaanza kupumua polepole, pumzi moja, nyingine, nami nimekaa kwenye benchi la mbele nikiwaza alivyo na joto, na hapo ndipo kumbukumbu yangu inapokatika.

Padre akauliza, "Je, unamkataa Shetani?" Akarudia kwa sauti. Mimi huko usingizini nilikuwa kiwandani, nyapara ananiuliza habari za kibarua mwenzangu, nikapaza sauti: "Hapana, bosi! Huyo ni rafiki yangu, usimfukuze!"

Kwaya ikaangua kicheko. Mutua akanyoosha mikono. "Mlete mtoto. Tutafute mtu mwingine."

Mama Syombua, nesi wa mtaani kwetu, aliyekaa nyuma yetu, akaniinua kidevu. "Umemeza nini wewe?" Nikamwambia. "Ndiyo hiyo! Kahawa haiondoi usingizi, inaufunika tu, nao unaendelea kujaa chini. Na kuna kemikali nyingine ubongoni inayokushikilia uwe macho. Hizo tembe zako ndizo zinaizima."

Kumbe hicho ndicho kipande cha karatasi yangu kilichokosekana! Nikataka kumuuliza inazimwaje (hata hapo!), Wambui akanifinya.

Kisha akamgeukia mumewe, akamwita kwa jina la binti yao wa kwanza. "Baba Mwende, hebu mtazame mtoto." Kanisa zima lilikuwa limecheka, na Wanjiku hakufumbua hata jicho. "Mama amelala. Nani atamtoa hapo?"

Mutua akamtazama bintiye muda mrefu, akashusha mikono. "Basi, shemeji," akasema. "Lakini jibu polepole."

Padre akauliza kwa mnong'ono. "Namkataa," nikanong'ona, na machozi yalikuwa karibu, kwa sababu niliyempakata ni mama, na yeye ndiye aliyenilaza mimi hivyo hivyo.

Tangu siku hiyo sisadiki ukurasa ulioishia kwenye "lakini", na nikialikwa kanisani Jumapili, Jumamosi nalala. Wanjiku sasa ana miaka minne. Akikataa kulala, Mutua mwenyewe hutuma niitwe, nami navua viatu mlangoni kwake, na viatu vinajua vitalala wapi.