Sista Aliyetuuliza Tunameza Nini

Habari ilinifikia Jumatatu baada ya alasiri, kwa simu ya mpwa wake: Sista ametutoka. Ni yule nesi mstaafu wa Mapinga ambaye wasomaji wangu wa siku nyingi wamewahi kumsikia humu bila jina, na leo pia simtaji, kwa kuwa hakupenda kutajwa. Aliumwa siku nne tu, akiwa na miaka sabini na tisa, na siku moja kabla ya kulazwa alikuwa bustanini anagombana na mchwa. Tulimzika Jumanne. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kwa huzuni, nikarudi mbavu zinaniuma kwa kicheko, maana kila aliyeketi jamvini alikuwa na kisa chake cha Sista, na kila kisa kilimwacha msimuliaji anaonekana mjinga kidogo. Mimi changu sikukitoa. Nakitoa leo.

Tulifahamiana kwenye harusi, katika ukumbi mmoja mjini Bagamoyo. Binamu yangu alikuwa ameniletea kutoka ng'ambo chupa ya vidonge vya lishe, nami nikaiweka mezani watu waione. Mama aliyeketi mbele yangu akaikazia macho. Nikamwamkia. "Marahaba," akajibu. "Unameza nini wewe, tena kabla ya pilau?" Nikamweleza kwa fahari kwamba mwilini mna seli ambazo zikizeeka huacha kazi lakini hukataa kufa, hubaki palepale zikizisumbua jirani zake, ndipo viungo vinauma na mtu anachakaa. Vidonge vile, vilivyotokana na matunda na maganda ya vitunguu, huzifagia. Akavaa miwani, akaisoma chupa mbele na nyuma. "Wamevijaribu kwa nani?" "Kwa panya, na wanasema vimewasaidia. Kwa watu ndio kwanza wanaanza." Akanirudishia chupa taratibu. "Na wewe uko upande upi, wa panya au wa watu?" Meza nzima ikaangua kicheko.

Niliudhika, na mwandishi akiudhika huandika. Juma lililofuata nilijaza ukurasa huu sifa za vidonge vile, jinsi nilivyopanda ngazi bila kushika ukuta nikiwa na miaka sitini na moja. Mwezi haukuisha, magoti yakarudi kama yalivyokuwa na tumbo likaanza kuniletea vurugu. Nikaacha kuvimeza. Sikumwambia mtu.

Kisha siku moja asubuhi simu ikalia. "Uko wapi? Vaa viatu vya vumbi, tunakwenda Mkange." Alikuwa Sista. Njiani ndipo aliponieleza. Shemeji yake, mkulima wa ufuta, alisomewa makala yangu na binti yake. Mzee akavipenda, akanunua vya namna hiyo kwa mchuuzi gulioni, na vidonge vyake vya presha akavifungia sandukuni, akisema hivi vipya vinasafisha kutoka kwenye mzizi. Alianguka shambani katikati ya ufuta. Wanawe wakamwahisha hospitali, presha ikiwa juu mno. "Amepona?" nikauliza. "Amepona. Angekufa, leo ningekuja kwako na polisi."

Tulimkuta mzee barazani kwake, amekonda lakini macho makali. Nikamwamkia, akaitikia, akaagiza tuletewe maji. "Shemeji," Sista akasema, "huyu ndiye aliyekuandikia." Nikapiga goti kabisa, nikamwambia, "Baba, nimekuja kukuomba radhi." Akaniuliza, "Wewe mwenyewe bado unavimeza?" "Hapana, Baba. Niliacha." "Lini?" Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole. "Basi uliacha kabla mimi sijaanguka." Nikakubali. "Kuanza ulitutangazia," akasema, bila kupandisha sauti. "Kuacha ukaacha kimyakimya." Nimeandika safu hii miaka mingi, nimetukanwa na wakubwa na wadogo, lakini hakuna neno lililowahi kuniingia kama hilo. Sista ndiye aliyetuokoa. Alimtolea shemeji yake kidonge cha presha, akamsimamia mpaka akameza, kisha akamwambia afungue kinywa kama mtoto ahakikishe. Mzee akafungua, akamtolea na ulimi. Tulikula ugali na kisamvu, nikasamehewa.

Msinielewe vibaya, Sista hakuwa adui wa utafiti. Alisema wanasayansi wakimaliza kazi yao na dawa ikathibitishwa kwa watu, yeye atakuwa wa kwanza kwenye foleni, tena atasukuma wenzake. Alichokichukia ni haraka yetu. Siku hizi chupa hizi zimejaa kwenye simu na magulio, nasi watoto, kwa kuwa hatuna nafasi ya kwenda kukaa na wazee wetu, tunawatumia chupa. Baada ya safari ile alianza kuzunguka Jumamosi, Mapinga mpaka Fukayosi, na kipimo chake cha presha mkobani, nami mara nyingine nikimfuata. Hakutoa hotuba. Alisema tu, "Nileteeni kila mnachomeza," na wazee wakaleta masinia yamejaa: mizizi, unga, chupa zisizo na maandishi, hata dawa ya minyoo ya mbuzi. Bibi mmoja wa Fukayosi alikiri kwamba chupa aliyotumiwa na mwanawe ili arudi ujana alimpa jogoo wake mzee. "Jogoo akawaje?" Sista akauliza kwa dhati kabisa. "Sikuwahi kujua, mwanangu. Tulimla Idi." Sista alicheka mpaka akakaa chini, na presha ya bibi ikabidi ipimwe upya.

Mzee wa Mkange alikuja mazikoni kwa miguu yake mwenyewe. Tulipokuwa tunatoka makaburini alinishika mkono, akauliza, "Sasa nani atatuuliza?" Nimelibeba swali hilo juma zima, na jibu langu ni hili. Kwanza, nilivisifu vidonge vile humu, na leo natamka humu humu, kwa sauti ileile, kwamba niliviacha na havikunifaa kitu. Nilipaswa kusema siku ileile nilipoviacha. La pili ni lenu, wasomaji. Ijumaa hii ukitoka msikitini, mpitie mzee wako. Usimpelekee chupa. Mwombe akuoneshe alizo nazo, kisha kaa, umsikilize mpaka amalize.